Jina la Zakayo katika Kitabu cha Uzazi

Tulimzika kaka yangu Joel mwezi uliopita kule Ndanai, au niseme walimzika, kwa sababu mimi nilikaa kwenye hema la wageni, mstari wa nyuma, na hakuna aliyeniita mbele kutupa udongo. Katika kikaratasi cha ratiba, chini ya picha yake akiwa na mvi ambazo sikuwahi kuziona zikiota, paliandikwa kuwa yeye ni mwana wa marehemu Mzee Zakayo Ombati. Yakafuata majina ya ndugu zake, wote wa kwa Zakayo. Langu halikuwepo. Mama mmoja aliyeketi karibu nami, akifukuza nzi kwa kikaratasi hicho hicho, aliniuliza, "Na wewe ni nani wa marehemu?" Nikamwambia, "Tulikuwa majirani zamani." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na nzi wake. Sikuona haja ya kumweleza zaidi. Joel alikuwa mtoto wa baba yangu na mama yangu, tumbo moja na mimi, na aliyemwondoa kwetu nilikuwa mimi, kwa kalamu ya wino wa buluu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja barua ya chuo ambayo haikuja. Kitu kimoja nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri, na kwa sababu ya mwandiko huo dispensari ya shamba kubwa la chai lililopakana na kwetu Boito ilinichukua kwa muda ninakili vitabu vya zamani vya uzazi. Vijana waliozaliwa pale walikuwa wakija kila wiki kutafuta uthibitisho wa kuzaliwa ili wapate kitambulisho, na vitabu vyenyewe vilikuwa vimeoza. Ukifungua ukurasa kwa pupa unabaki nao mkononi kama chapati ya jana. Nilipewa chumba kidogo nyuma ya chumba cha kujifungulia, meza moja, na dirisha lililotazama chai iliyokatwa sawasawa hadi mlimani. Chumba kilinuka dawa ya kuosha sakafu na karatasi yenye kuvu. Kila alasiri mvua ilipiga mabati hadi mtu asisikie mawazo yake, na kila alasiri mkunga mzee aliyeitwa Priska, mama mnene kutoka Magharibi aliyekuwa anasubiri kustaafu, alileta kiti chake mlangoni pangu akafuma sweta huku akinung'unika juu ya magoti yake. Tulikaa hivyo miezi. Alikuwa amezalisha watoto wote niliokuwa nawaandika, na sikuwahi kumuuliza lolote isipokuwa kama bado kuna chai kwenye chupa.

Joel wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tano. Alikuwa ameacha shule darasa la saba, na ndiye aliyechuma chai yetu, akaibeba kapu kwa kapu hadi kituo cha kununulia. Nilipoenda shule ya bweni alibeba sanduku langu kichwani tangu nyumbani hadi lami, na kila muhula aliniuliza kama wasichana wengine wananicheka, ili aje awapige. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwandiko mbaya, kwa hiyo alipompenda Emily, msichana wa upande wa Bomet aliyekuwa akishona nguo sokoni, aliniomba mimi nimwandikie barua. Alikaa kando yangu kwenye kitanda, akanitajia maneno, nami nikayapamba. "Usiweke maneno mengi," aliniambia. "Atajua si mimi." Lakini Emily alijua tangu barua ya kwanza, na hakujali. Alimjibu Joel, kisha chini kabisa aliandika salamu kwa karani.

Watu wa kwetu walikuwa na mnong'ono juu ya Joel. Nilizaliwa nikaukuta. Mama alikuwa amemzaa pale pale kwenye dispensari ya shamba la chai, wakati baba akifanya kazi mbali, na ilisemwa kwamba mtoto yule ni wa mfanyakazi mmoja Mkisii aliyekuwa na nyumba kwenye laini, ile mistari ya nyumba za wafanyakazi. Baba hakuwahi kusema hivyo waziwazi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kijivu na Biblia yenye zipu, na silaha yake ilikuwa kusema nusu. Joel akivunja mpini wa jembe, baba alisema, "Sisi kwetu hatuna mikono kama hiyo." Joel akichelewa kurudi, alisema, "Damu humvuta mtu kwao." Mama wakati huo alikuwa anageuza ugali jikoni, na mwiko wake haukubadili mwendo. Nami nilijifunza kumtazama kaka yangu kwa macho hayo. Alitembea kama baba, bega la kushoto likiwa limeshuka, na alipiga chafya mara tatu mfululizo kama baba, na sikuviona vitu hivyo hata kimoja kwa sababu nilikuwa natafuta Mkisii.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano nilimpelekea baba maji moto ya kuosha kiwele cha ng'ombe. Alikuwa amechuchumaa, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na alisema bila kuinua kichwa, "Katika hivyo vitabu vyenu, Joel yumo?"

"Sijui, Baba. Sijafika miaka hiyo."

"Ukifika, angalia palipoandikwa jina la baba. Uniandikie vile ulivyoona." Akakamua kidogo, maziwa yakalia ndani ya ndoo. "Usimwambie mama yako. Wewe una macho, Chelangat. Katika nyumba hii ni wewe peke yako una macho."

Baba hakuwa mtu wa kusifu. Nilikuwa nimeleta vyeti nyumbani miaka kumi na miwili bila kusikia neno kama hilo, na niliondoka pale zizini nikiwa nimevimba kichwa. Sikuendelea kunakili kwa utaratibu. Siku hiyo hiyo niliruka vitabu viwili nikaenda moja kwa moja kwenye mwaka wa Joel. Nilimpata mwezi wa kwanza. Jina la mama yangu lilikuwa hapo, limeandikwa kwa mkono wa haraka. Mtoto wa kiume, mzima. Na mbele yake, kwenye safu ya baba: Zakayo Ombati, laini ya nne, nyumba ya kumi na moja.   Niliandika kwenye kikaratasi kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nikapiga mstari chini ya jina kwa rula, na Priska alikuwa pale mlangoni, hatua tatu kutoka kwangu, anahesabu mishono.

Baba alikisoma kikaratasi akiwa amesimama, akakikunja mara moja, akakiweka ndani ya Biblia na kufunga zipu.  Jioni hiyo tulichinja kuku, na baba akachukua firigisi, ambayo tangu nizaliwe sikuwahi kuona ikienda kwenye sahani isiyo yake, akaiweka kwenye sahani yangu. Joel alicheka. "Leo Chela amekuwa mzee wa boma," akasema. Mama alitazama ile firigisi, akanitazama mimi, akaendelea kula. Nafikiri alijua pale pale kwamba kuna kitu nimeuza.

Wajomba wa Emily walikuja mwezi wa nane kuona boma la Joel, kabla ya koito, siku ile ya kukaa na kukubaliana ng'ombe. Walikuja wanaume wawili na shangazi mmoja, na Emily mwenyewe, ndani ya gauni la manjano alilojishonea. Tulikuwa tumepaka kuta chokaa. Vitambaa vya viti nilivifua mimi na kuvikausha kwa pasi. Mama alikuwa ameamka mapema kupika wali, kuku na chapati, na alikuwa ametoa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, aliyoyatunza wiki nzima kwa ajili ya siku hiyo. Joel alivaa shati jeupe na akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Wageni walikula vizuri. Mjomba mkubwa alisifu chai yetu ya shambani, jinsi ilivyokatwa, na baba akasema, "Kijana anajitahidi," na Joel aliinama chini kuficha furaha yake. Hata leo namwona akiinama.

Kisha baba akasimama kuomba. Aliomba kwa utulivu, akashukuru kwa wageni na mvua. Aliposema amina hakukaa. Alifungua zipu ya Biblia.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Siwezi kula na wageni halafu niwadanganye. Mnataka kumpa binti yenu kijana wa ukoo wetu. Ni haki yenu mjue ni kijana wa ukoo gani." Na akasoma. Alisoma tarehe, akasoma jina la mama, akasoma jina la Zakayo Ombati, laini na nambari ya nyumba, polepole, kama anavyosoma somo la kwanza kanisani. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei ya vikombe.

Mjomba mkubwa alifunika kikombe chake kwa kiganja. "Mzee," akasema, "haya ni mambo gani?"

"Ni mambo ya kitabu. Si yangu."

Joel aligeuka. "Mama?"

"Usimuulize yeye," baba akasema. "Miaka yote amesema lake. Leo kitabu kimesema."

Mama alifungua mdomo. Baba akainua kidole kimoja tu, naye akaufunga. Joel akaenda akachukua kikaratasi mkononi mwa baba, kwa adabu, kwa mikono miwili, akakisogeza dirishani apate mwanga. Emily alikuwa karibu na dirisha. Nilimwona akikitazama kikaratasi juu ya bega la Joel, na nikaona wakati ule ule alipoutambua mwandiko, kwa sababu hakumtazama baba wala mama. Alinitazama mimi.

"Ni Chela ameandika," Joel akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma jina juu ya duka. Akarudisha kikaratasi, akachukua koti lake kwenye msumari, akatoka. Hakupita jikoni. Wageni wakaondoka bila kumaliza chai, na shangazi wa Emily alipompita mama alivuta sketi yake pembeni isimguse. Tulibaki na sufuria ya wali. Baba akaketi, akaniambia, "Nipakulie."

Kesho yake alitoa amri kwamba mama asiitwe tena Mama Joel. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mama alikuwa ameitikia jina hilo kwa miaka ishirini na tano. "Kuanzia sasa ni Mama Chelangat," baba aliwaambia majirani langoni, na wengi walikuwa waoga au waliona raha, wakatii. Wiki za kwanza mtu akimwita hivyo mama hakugeuka. Hakuwa anagoma, hakujua anaitwa yeye. Mimi nilikuwa nasikia jina langu likitumika kufuta la kaka yangu, asubuhi na jioni, kisimani, kanisani, kwenye kituo cha chai. Baba alianza kunipa kiti chenye mto.

Kwa sababu Joel hakuwepo, chai tulichuma mimi na mama, Jumamosi na kabla ya mimi kwenda kazini. Hakuwa amenisemesha tangu siku ile, ila mambo ya lazima: chumvi, kuni, lete. Asubuhi moja ya ukungu, mikono yake ikienda juu ya vichaka bila kutua, alisema, "Wewe umesoma."

Nikaendelea kuchuma.

"Nakuuliza. Umesoma, ama hujasoma?"

"Nimesoma, Mama."

"Ulisoma jina moja. Kile kitabu kina majina mengine. Kwa nini hukuyasoma?"

Akaniambia, huku akichuma, majani mawili na kichipukizi, akitupa nyuma kapuni bila kuangalia. Baba alikuwa ameenda kufanya kazi mashamba ya Naivasha na hakuwa akileta kitu, kwa hiyo mama alifunga nyumba akaenda kuchuma chai ya kibarua, akilala kwa rafiki yake kwenye laini. Vibarua hawakuwa na haki ya kuzalia dispensari. Aliyeruhusiwa ni mke wa mfanyakazi mwenye nyumba, na mlangoni uliulizwa nambari. "Kulikuwa na mzee mmoja, mke wake alikuwa amerudi kwao kuuguza mama yake. Alikuwa anatupatia nambari yake. Usiku ule nilimpa Priska nambari, naye akaandika. Huyo Zakayo sijawahi hata kukaa kwenye kiti chake."

"Mbona hukumwambia Baba?"

Mikono yake ikasimama, kwa mara ya kwanza. "Nilimwambia mwaka wa kwanza. Nikamwambia mwaka wa pili. Mtu anaweza kusema kitu kimoja kwa miaka mingapi?" Akaanza kuchuma tena. "Mwaka huo alikuja likizo. Kadi yake ya kazi iko kwa kasha la bati. Na Joel alibatizwa, nenda uone nani alimbeba. Wewe ndiwe wa vitabu."

Niliingia dispensari siku hiyo nikiwa nimelowa hadi magoti na nikamuuliza Priska, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafungua uzi, kama anamkumbuka Zakayo Ombati. Alicheka hadi sindano ikaanguka. "Zakayo! Huyo kama ni wake wote, basi alizaa kijiji kizima." Akaona uso wangu, akaacha kucheka. Nilimweleza. Akaokota sindano yake. "Mimi ndiye niliandika," akasema. "Sheria ilitaka jina, nikaandika jina. Ningewaacha wazalie kwenye majani? Sasa wewe mtoto, mimi niko hapa mlangoni kila siku ya Mungu. Ulishindwa kuuliza?"

Nilirudi kwenye vitabu. Laini ya nne, nyumba ya kumi na moja: niliwapata wanawake saba katika mwaka mmoja na nusu, wote wake za Zakayo. Wawili walijifungua katika wiki moja. Watatu kati yao nilikuwa nimeshawanakili mwenyewe, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, katika kitabu kipya, bila kuona kitu. Kanisani katibu aliniruhusu kufungua rejista ya ubatizo, na pale, mbele ya jina la Joel, safu ya baba ilikuwa na jina la baba yangu na sahihi yake, herufi ya mwanzo yenye mkia mrefu kama anavyoiandika hadi leo. Alikuwa amembeba mwenyewe, akamtolea jina. Ya mwisho ilikuwa kadi ya kazi. Niliitoa kwenye kasha la bati baba akiwa kwenye mkutano wa wazee. Mhuri wa likizo ulikuwa wa mwezi wa nne, mwezi mzima, na Joel alizaliwa mwezi wa kwanza uliofuata. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Nilifurahi. Nilidhani nimepata dawa ya kila kitu, na kwamba mtu akiona ukweli umeandikwa atafanya nini tena ila kuukubali.

Nilimpelekea baba Jumapili, baada ya chakula, vyote vimenakiliwa kwenye karatasi tatu. Mama alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Baba alivaa miwani yake na akasoma kila karatasi hadi mwisho, bila haraka. Akazipanga, akazigonga mezani zilingane.

"Ile ya kwanza nilikutuma," alisema. "Hizi nani alikutuma?"

"Baba, Joel ni wako. Imeandikwa. Likizo yako..."

"Unafikiri sijui nilikuja likizo mwezi gani?"

Sikuelewa. Nilidhani amekosea kusema. Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya kitambaa cha meza. "Baada ya likizo hiyo nilirudi tena kutoka Naivasha nikakuta nyumba imefungwa," akasema. "Nikauliza mke wangu yuko wapi, watoto wa jirani wakanicheka, wakaniambia anachumia watu chai, analala laini. Mimi. Nikasimama nje ya mlango wangu na mzigo kichwani kama mgeni. Nikasema siku yake na yeye itafika. Nikasema sawa." Alisema neno hilo kwa upole. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini alijua mlango wa jikoni uko wazi, na nikaelewa kwamba haongei na mimi. "Sasa unataka niite wale wageni warudi niwaambie mzee wa kanisa alisema uongo? Maji yamemwagika, Chelangat. Chukua karatasi zako."

 Nilipoingia jikoni baadaye mama alikuwa anaosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Joel alikuwa Ndanai; habari zilitufikia kwa wauza ng'ombe. Zakayo alikuwa amestaafu na kuhamia huko, akafungua kisiagi cha kusaga mahindi. Nilienda mwezi wa kumi na moja, karatasi tatu zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kifuani ili zisilowe. Zakayo nilimkuta nje, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, anakaanga njugu kwenye kikaango. Aliposikia mimi ni nani alinipa kigoda. "Nimemwambia mimi si baba yake," alisema kabla sijauliza. "Nimemwambia mara tatu, mbele ya wanangu. Wanangu hawamtaki. Wanamlaza stoo na magunia, wanamwita yule wa Boito. Hata hivyo haendi. Nitamfukuzaje? Hata mama yenu simkumbuki vizuri. Walikuwa wengi, na wote walikuwa wanalia." Alisema hivyo kama anayeomba radhi.

Joel alikuwa ndani, mweupe wa unga hadi kope. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na foleni ya wanawake na madebe yao, na hakuacha kazi. Nilimwambia ni makosa, kwamba nimepata uthibitisho, kwamba yeye ni wa baba, tumbo moja na mgongo mmoja. Alinisikiliza huku akifunga mdomo wa gunia.

"Baba anajua?"

Ningeweza kudanganya. "Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. "Umeniletea karatasi," akasema. "Soma."

"Joel, tutoke nje."

"Hapa. Ile nyingine ilisomewa wageni. Hii pia isomewe watu."

Wale wanawake wakageuka kututazama. Nilitoa karatasi ya kwanza na nikaanza kusoma, jina la mama, wale wanawake saba, laini ya nne, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa darasa la pili. Nilipofika kwenye ubatizo, kwenye sahihi ya baba, Joel aliinama akazungusha mtambo. Injini ikanguruma, ukanda ukapiga, unga ukajaa hewani. Alimimina debe la kwanza, akanifanyia ishara kwa mkono niendelee. Nikaendelea. Nilisoma karatasi zote tatu hadi mwisho ndani ya kelele ile, midomo ikitembea, na hakuna aliyesikia neno, hata mimi mwenyewe. Nilipomaliza alikuwa amenipa mgongo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Nilisubiri foleni iishe. Haikuisha, kila aliyesagiwa alifuatwa na mwingine, na mwishowe Zakayo alikuja akanishika kiwiko, akanifungia njugu kwenye gazeti, na kunionyesha njia.

Mama alikuwa anasugua kibuyu cha mursik kwa mkaa nilipofika nyumbani. Hakuuliza juu ya karatasi. Aliuliza, "Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Analala wapi?"

"Ana chumba chake." Na kwa sababu alikuwa bado ananitazama, na kwa sababu sikuweza kuvumilia kutazamwa vile, niliongeza, "Alisema atakuja Krismasi."

Tangu siku hiyo mama alianza kuimba tena akichuma chai. Alihifadhi kibuyu kimoja cha mursik kwa ajili ya Joel, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alinituma Bomet nimtafutie Joel shati, nikaenda, nikalinunua, nikalipiga pasi. Kila siku nilijiambia leo nitamwambia, na kila siku nilimwona na furaha yake nikasema kesho. Baba aliona vyote.

Siku ya Krismasi tulitoka kanisani, mvua haikunyesha. Mama alipika kama alivyopikia wageni mwezi wa nane, wali, kuku, chapati, na tukangoja. Chakula kilipoa. Kila mbwa wa jirani alipobweka mama alienda dirishani, akarudi, akanyoosha kitambaa cha meza. Alasiri baba alisema amechoka kungoja, akaomba, na mama akapakua. Alipakua sahani nne. Ya nne aliijaza kuliko zote, akaweka paja la kuku juu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka mahali pa Joel, kisha akamimina mursik kando yake, kikombe kikafurika kidogo.  Baba alimaliza chake, akafuta mdomo. Halafu akanyoosha mkono, akaivuta ile sahani ya nne mbele yake, akaondoa kifuniko, na akaanza kula. Alikula polepole, chote, hadi akakwangua ukingo kwa kijiko, na akanywa mursik yote. Mama alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, akimtazama. Baba alipomaliza alimsukumia sahani tupu. Mama aliichukua, akasimama, na alipofika kwenye mlango wa jikoni aliniuliza, bila kugeuka, kama kweli Joel alisema atakuja. Nikamwambia hapana.